Uzi maalumu: Kusaka makopo kwa GPS Nyanda za Juu Kusini, masika, kipupwe na kiangazi

Mwanaporoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kila nikigusia kwenye nyuzi za utalii wa ndani kwamba wikiendi mimi na wenzangu huwa tunapanda milima kusaka makopo, naulizwa maswali mengi kuliko nafasi ya kuyajibu. Leo nauweka uzi wake, kwa kirefu, mwenye swali aulizie hapa.

Mchezo unaitwa jiokashi. Mtu anaficha kopo mahali, anachukua koodineti za GPS, yaani namba za latitudo na longitudo za pale alipoficha, anawapa wenzake, wenzake wanaingia njiani kulisaka. Ukiliona unalifungua, unaandika jina na tarehe kwenye kidaftari kilichomo, unalirudisha palepale na kwa namna ileile uliyolikuta. Ukichukua kijizawadi kilichomo, unaacha kingine cha thamani hiyo au zaidi. Hakuna anayeondoka na kopo.

Ulianzia Marekani. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali yao ilikuwa inavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, kifaa kikakosea hata mita 100. Rais Bill Clinton akaagiza uvurugaji ule ukomeshwe, na tarehe 3 Mei, siku moja baada ya mitambo kuzimwa, Dave Ulmer akaacha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza koodineti zake mtandaoni. Mike Teague akaifikia. Septemba mwaka huohuo ikaanza tovuti ya Geocaching.com, na makopo yaliyosajiliwa humo duniani kote sasa yanapita milioni 3.

Huku kwetu yaliyosajiliwa ni machache, kwa hiyo sisi tunafichiana wenyewe kwenye kundi la WhatsApp. Tumo fundi simu wa Mwanjelwa hapa Mbeya, mwalimu wa jiografia, manesi wawili, dereva bajaji mmoja na mimi mwenye duka la pembejeo Uyole.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Maelekezo mengi ya mchezo huu yameandikwa na watu wa nchi za theluji. Ukiyafuata kama yalivyo, kopo lako halitamaliza mwaka. Huku mvua inaanza Novemba na kukatika Aprili au Mei, inafuata baridi ya Juni hadi Agosti, halafu vumbi na moto wa Septemba na Oktoba. Kopo litakaa pale miezi yote hiyo, na kila msimu una namna yake ya kuliua. Mwenye kuficha anatakiwa aufikirie mwezi ulio mbaya kuliko yote kwa mahali pale, siyo Jumamosi nzuri aliyoendea yeye.

Chukulia Ziwa Ngozi. Wengi mnaijua: unashuka njia ya Tukuyu, unaingilia Isongole, unalipa kiingilio cha hifadhi ya msitu, unapanda na mwongozaji mpaka ukingoni, ziwa liko chini kabisa ndani ya kreta, lile shimo la volkano. Agosti ile njia ni ya kupiga stori. Februari ni kitu kingine kabisa: tope jeusi linang'ang'ania buti, mizizi inateleza, migomba pori imelalia njia na ukungu umeshuka hadi humwoni mwenzako aliye mbele. Simu nayo inaanza kuyumba. Majani mabichi yaliyolowa na miti mirefu vinadhoofisha mawimbi ya satelaiti, kwa hiyo inakwambia umebakiza mita 6, unapiga hatua mbili inasema 25, kishale kinageuka nyuma. Hapo sisi tunaweka simu mfukoni na kutumia macho. Mtu angeweka wapi? Mvua inatiririkia upande gani? Shina lipi lina uwazi upande usiopigwa na maji?

Kopo la pale, ambalo liliwekwa mwongozaji akijua na kukubali, tulilikuta mwezi wa tatu likiwa limeota kuvu ya kijani mfunikoni, na konokono mdogo kajibandika kwenye kile kibanio cha pembeni. Fundi simu akamwondoa taratibu kwa kucha, akamweka juu ya jani. Ndani karatasi ilikuwa kavu, majina yote yanasomeka, kwa sababu aliyeliandaa alitumia kopo la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, akatia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu, na penseli badala ya peni. Wino wa peni ukilowa unasambaa, penseli inabaki.

Kiangazi adui si maji. Mlima Mbeya, ambao kilele chake kinapita mita 2,800, nyasi zake Septemba zimekauka, na moto ukiwashwa huko bondeni kwenye mashamba unapanda mteremko wote kwa mchana mmoja. Kopo la plastiki lililofichwa kwenye nyasi linayeyuka likabaki bonge. Tumeliona hilo kwa macho. Kwa hiyo milima ya nyasi sisi tunatafuta ufa wa mwamba, tunaondoa majani yote makavu kuuzunguka, na tunatumia kopo la bati. Hata hivyo Oktoba huwa tunapita kukagua.

Kipupwe ndio msimu wangu. Anga jeupe, satelaiti zinashika vizuri, ukiwa juu unaona mpaka bonde la Usangu. Shida ni betri tu. Alfajiri ya Julai kwenye nyanda za Kitulo nyasi zinakuwa na barafu, na simu iliyoonyesha asilimia 60 inazima ghafla. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, itoe pale unapoihitaji. Ramani ipakue kabisa kabla hujatoka mjini, maana bando unaweza kuwa nalo na mtandao usiwepo.

Nimalizie na mambo ya kanuni. Hairuhusiwi kuchimba na kuzika. Chakula hakiwekwi, tumbili na panya watalitoboa. Huweki kwenye eneo la mtu bila ruhusa yake. Na kama unataka kusajili rasmi, kopo moja na jingine lazima yawe yameachana angalau mita 161.

Karibuni.

BintiTukuyu

Ndaga fijo kwa uzi huu. Nikazie hapo kwenye misimu: ukishavuka Kiwira kuja kwetu usitegemee hiyo kalenda. Sehemu za Rungwe zinapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata Juni unapigwa na manyunyu ya asubuhi, na Aprili ndio usiseme. Sisi huku hatuna mwezi wa kuanika kopo.

Ndiyo maana mimi na dada zangu tunapenda ile aina isiyo na kopo kabisa. Ilianzishwa 2004 na inahusu jiolojia: unapewa koodineti, unafika, unaangalia mwamba na kujibu maswali ambayo hayajibiki bila kufika. Tumejitungia ya kwetu Daraja la Mungu. Watu wanapiga picha juu ya daraja wanaondoka, hawajui wamesimama kwenye lava. Maswali yetu yanakulazimisha ushuke usogee: mwamba una vitundu au ni laini? Mto Kiwira unapita upande gani wa ule upinde? Kwa nini maji yamekula chini na kuacha juu? Mtoto wa dada yangu yuko darasa la sita, alikaa pale akichora mpaka tukamwita kula.

Volkano ya Rungwe ilishalipuka vibaya sana kama miaka 4,000 iliyopita, na lile jivu na pumisi, yale mawe mepesi yenye vitundu, ndio sababu ya huu udongo unaotupa ndizi, chai na parachichi. Ukiuliza kwa namna hiyo watu wanaanza kuangalia hata kingo za barabara zilizokatwa.

KakaMpimaji

Wakuu, mimi ni wa mambo ya upimaji, naomba niongeze kitu ambacho kitawaokoa wengi.

Kwanza, koodineti za mchezo huu huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu. Dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,852, kwa hiyo tarakimu ya mwisho kabisa ni chini kidogo ya mita 2. Anayekuandikia desimali moja tu anakutuma kwenye eneo la mita 185. Angalieni hilo kabla hamjaanza kulaumu simu.

Pili, na hili ndilo kubwa. Zile ramani za zamani za serikali za skeli ya 1:50,000, ambazo walimu wengi wa jiografia wanazo na ni nzuri mno kwa vilima na vijito, zimechorwa kwa mfumo wa koodineti wa zamani uitwao Arc 1960. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84, ule wa GPS. Tofauti ya mifumo hiyo miwili hapa kwetu ni kama mita 300. Ukisoma koodineti kwenye ramani ile na kuziingiza kwenye simu bila kubadilisha mfumo, utasaka kwenye kilima kingine.

Tatu, simu inahitaji angalau satelaiti nne ili ijue ilipo, pamoja na kimo. Ukiwa chini ya jabali refu, nusu ya anga imezibwa na mawimbi yanayogonga mwamba yanarudi yamechelewa. Wakati wa kuficha simameni pale dakika kumi, chukueni vipimo kadhaa, mpige wastani. Mkiweza rudini siku nyingine mrudie.

Mwanaporoto

Kaka ubarikiwe. Hilo la Arc 1960 nimelituma moja kwa moja kwa mwalimu wetu, anazo ramani hizo nyumbani amezibandika ukutani. Amejibu kwamba sasa ndio ameelewa ile Jumamosi ya Igawilo.

MzeeWaMatamba

Nawasalimu wote. Nimesoma tangu juu, nimefurahi kuona vijana mnaipenda milima yenu. Lakini kuna jambo sijaona mmeligusa, nami nalisema kwa uzito.

Huku vijijini mtu akikutwa anaficha kopo msituni, ndani mna karatasi yenye majina ya watu, sarafu, shanga na vitu vidogovidogo, hakuna atakayekuuliza mara mbili. Watasema mchawi. Na mnajua mambo hayo yameua watu katika mikoa yetu. Mwenye nyumba ya karibu na mahali hapo, hasa akiwa mama mzee anayeishi peke yake, atakuja kusingiziwa kwa kitu mlichokiweka ninyi na kuondoka zenu na gari. Mmelifikiria hilo?

Mwanaporoto

Shikamoo mzee. Ahsante sana kwa kulisema waziwazi, na ninakujibu kwa uzito huohuo.

Tunalifikiria, na ndilo lililobadilisha namna yetu ya kucheza. Hatuweki kopo mahali popote karibu na makazi au mashamba kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tunakwenda mchana, tunajitambulisha, tunalifungua kopo mbele yake, tunatoa kila kitu kimoja kimoja anashika mwenyewe. Makopo ya maeneo hayo ni ya kuonyesha ndani, siyo ya kufungwa na tepu nyeusi. Ubavuni kuna maandishi ya Kiswahili makubwa: huu ni mchezo wa ramani, hakuna kitu cha siri ndani, karibu ufungue, ukitaka liondolewe piga namba hii. Shanga, nywele, vitambaa vyekundu, mifupa na picha za watu haviingii. Tunaweka penseli, vifutio, rula, vibandiko vya wanyama.

Kuna kijiji upande wa Uporoto mwenyekiti alitusikiliza vizuri, akatukatalia. Alisema mwaka ule kulikuwa na msiba wenye maneno mengi, tusilete kitu. Tuliondoka na kopo letu na hatujarudi na lingine.

Swali la mama mzee anayeishi peke yake, mzee, sijawahi kuliwaza kwa upande huo, wa yeye kusingiziwa. Nesi wetu mmoja amelisoma na kusema kuanzia sasa tukifika mahali tuulize pia ni nani anaishi nyumba ya karibu zaidi, naye aonyeshwe.

KamweneIringa

Kamwene wote! Iringa nasi tupo. Nikiri mchezo huu Iringa mjini ni rahisi kuuanza kwa sababu mawe yametuzunguka. Jiwe la Gangilonga unapanda jioni baada ya kazi. Isimila ndio nyumbani kwa ile aina ya maswali bila kopo: zile nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na zana za mawe zilizotambuliwa mwaka 1951. Naomba kila atakayekwenda asiokote hata kipande. Jiwe la kale likishaondolewa lilipolala linapoteza nusu ya habari yake, huwezi kulirudisha kwa kuomba radhi.

Msimu wetu mzuri ni kuanzia Mei. Masika nyasi za Kihehe zinakupita kichwa, nyoka huoni unakanyaga wapi, na pia ni msimu wa ulanzi, wenzangu wakifika kwenye mianzi safari inaishia hapo. Hili nalisema kwa upendo, ulanzi wa asubuhi ukiwa mtamu bado ni kinywaji kizuri mno.

MkulimaMbozi

Huku Mbozi nawaambia mahindi ndio yanayoharibu koodineti! Januari unaona njia, Machi mahindi yamekuzidi kimo, alama zote ulizoelekezwa hazipo, mti mkubwa umebaki ncha. Julai yamevunwa, kila kitu kiko wazi kiasi kwamba kopo linaonekana ukiwa barabarani. Ukifika baada ya mvua za kwanza utakuta kahawa imechanua, mashamba meupe yananukia mpaka kijijini. Huo ndio wakati wa kuja, hata kama hukupata kopo.

Na Kimondo msikisahau. Kile chuma kina urefu kama mita 3 na sehemu kubwa yake ni chuma chenye nikeli. Wazee walikijua zamani, wanasayansi wakakijua 1930. Angalizo kwa wasakaji: ukiwa karibu na chuma kikubwa namna ile dira ya simu haiaminiki, GPS yenyewe haina shida. Kwa hiyo fuateni umbali, msifuate kishale.

Mtembezi_Makete

Mleta mada, umegusa Kitulo juujuu, nami ndiko kwetu. Hifadhi ile ilitangazwa rasmi 2005, ina kama kilomita za mraba 413, na watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua ya masika, Desemba hadi Aprili. Zipo aina zaidi ya 40 za okidi. Sasa ombi langu: MSITUME koodineti za maua.

Mizizi ya okidi inachimbwa kwa magendo na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko. Mchimbaji hahitaji kuzunguka tena kama wewe umempa nukta sahihi ya mita 5. Hata picha ya simu inabeba koodineti ndani yake usipozima kipengele cha mahali kwenye mipangilio ya kamera. Mimi nimekuta shimo jipya kando ya njia, udongo bado umelowa, majani ya ua yametupwa pembeni na shina lake likiwa bichi. Mashimo yalikuwa yamefuatana kama ya jembe la kupanda viazi. Sikulala vizuri siku ile.

BintiTukuyu

Hii lazima iwe kanuni. Namna hiyohiyo kwa kipunji. Nyani yule alitambuliwa na wanasayansi 2003 hukuhuku Rungwe, kundi lake likionekana si la kuwekewa nukta mtandaoni.

Mwanaporoto

Naiongeza kwenye kanuni za kundi letu usiku huu: hakuna koodineti za okidi, viota wala makundi ya wanyama, na kamera zote kipengele cha mahali kizimwe. Mtembezi, ahsante.

KakaMpimaji

Swali kwa mleta mada. Kwa nini msisajili makopo yenu Geocaching.com? Wageni wanaopita barabara ya Zambia na Malawi wapo, wengine wangelala Mbeya siku moja zaidi, waongozaji wa Ngozi wangepata kazi. Naona kama mnajifungia.

Mwanaporoto

Hoja yako nzito kaka na ndani ya kundi hatujakubaliana. Fundi simu yuko upande wako kabisa. Mimi naona yale yaliyo njia kuu ya waongozaji, kama Ngozi, yasajiliwe, tena mwongozaji mwenyewe awe ndiye msimamizi wa kopo, kwa sababu yeye yuko pale mwezi wa pili mfuniko ukipasuka. Tovuti inataka kila kopo liwe na mtu wa kulitunza, na mtu wa mjini hawezi kulitunza kopo la mlimani masika. Lakini yale ya vijijini, mwenyekiti alitukubalia sisi aliotuona sura. Hakuwakubalia watu wa dunia nzima. Kwa hayo tutarudi kuuliza upya, na anayekataa amekataa.

KakaMpimaji

Hapo kwa mwongozaji kuwa msimamizi nimekubali. Nitakuja na kifaa cha kupimia, tuchukue nukta za Ngozi vizuri. Siyo Februari lakini.

MzeeWaMatamba

Kijana, majibu yako nimeyapokea, na la yule mwenyekiti aliyewakatalia limenipa imani. Basi njooni Matamba. Msije Machi, ile barabara ya kona 57 kutoka Chimala mvua ikinyesha si ya mchezo, magari yanarudi kinyumenyume. Njooni mwishoni mwa Mei, maji yamekauka na nyasi bado hazijageuka. Maua machache ya mwisho mtayakuta. Chukueni makoti.

Mkifika njooni nyumbani kwanza, mnywe chai, halafu twende wote kwa mwenyekiti. Kuna msitu mdogo wa wazee juu ya chanzo cha maji, pale hapawekwi kitu wala hapaingiwi na viatu. Pengine pote nitawaonyesha mimi.

Mwanaporoto

Shikamoo tena mzee. Tutakuja mwishoni mwa Mei, watu sita, tutalala Chimala Ijumaa ili tupande asubuhi mapema. Kopo tutakuja nalo tupu, tutalijaza hapo kwako ukiona kila kinachoingia. Namba nakutumia sasa hivi kwa ujumbe wa faragha.